Nyumba ya Bi Mwanaidi Ilivyopotea Bohari

Vijana wenzangu wa bohari, tangu nikabidhi funguo za stoo mmekuja kwangu mara tatu, mmekunywa chai ya mke wangu, Mama Agnesi, na kila mara mmeondoka mkisema, "Mzee Damasi, andika ya kazini, nasi tupate kujifunza." Haya, naandika. Lakini anayetafuta humu namna ya kupanda cheo atatoka mikono mitupu. Vyeo nilipewa, sikumbuki vizuri kwa nini, na kimoja nilipewa mwaka ambao kwa haki ningefukuzwa. Kazi ya bohari ni kujua kitu kiko wapi. Nimeifanya zaidi ya miaka thelathini, na katika miaka hiyo niliwahi kupoteza nyumba nzima, kuta na paa, huku mwenyewe amesimama mbele yangu anaidai. Hiyo ndiyo nitakayoieleza kwa kirefu, maana mpaka leo sijaielewa yote.

Siku yangu ya kwanza nilifika na barua ya padri wa kwetu Masasi, imeandikwa kwamba najua kusoma, kuandika na hesabu. Nikajiona karani tayari. Mkuu wa bohari alikuwa Mzee Kasembe, mtu mfupi, mkavu, hacheki na mtu kabla ya saa sita. Aliisoma barua mpaka mwisho, akaikunja, akaitia mfukoni mwake, akanipa nyundo na debe la misumari iliyopinda. Akasema ninyooshe. Nikanyoosha wiki mbili, vidole vikavimba hata kijiko kikanishinda. Nilipomaliza nikampelekea debe lake nikitegemea asante. Akalimwaga lote mchangani, akaniuliza ya inchi nne iko wapi na ya inchi mbili iko wapi.

Hapo ndipo nilipoanza kufundishwa. Mzee Kasembe alikuwa na sheria yake na aliirudia mpaka nikawa naiota: kila kitu kikae na ndugu zake. Bawaba na bawaba, spana na spana, mbao ndefu na mbao ndefu. Kitu kikija ndani ya sanduku, lifungue, kitoe, kifute, kipange na wenzake, halafu masanduku nayo uyapange na masanduku. Sheria ya pili ilikuwa kutoacha karatasi wala gundi juu ya mbao, kwa sababu mchwa wa Dar es Salaam, alisema, wanasikia harufu ya gundi kutoka Pugu. Sijui kama ni kweli. Mie nilizifuata sheria zote mbili, na kila mkaguzi aliyeingia bohari kwangu alizunguka, akatafuta cha kusema, akakosa, akaenda zake. Mzee Kasembe alipostaafu alinipa futi yake ya mbao ya kukunja, namba zimefutika nusu, akaniambia nisimwazime mtu. Sikumwazima mtu.

Miaka ya vita kuu ya pili niliipitisha nikihesabu matairi. Sina la kuwasimulia hapo, yalikuwa matairi.

Vita vilipokwisha mji ukajaa. Askari walirudi hawataki tena jembe, watu wa bara na watu wa kwetu kusini wakamiminika kutafuta kazi bandarini, na chumba kimoja Kariakoo kikawa kinalala watu wanane, wengine kwa zamu. Kila palipobaki wazi watu walisimamisha kibanda cha udongo na madebe, kuanzia Keko mpaka Temeke. Wakubwa wakaumiza vichwa. Mwishowe tukaambiwa nyumba za wafanyakazi zimeshapakiwa melini huko Ulaya, zinakuja zimekatwa vipande vipande.

Ndiyo zile zilizoitwa nyumba za vipande. Ukuta unakuja mzima, mbao kwa ndani na asbesto kwa nje. Dirisha linakuja na kioo chake, mlango na kitasa chake, paa limekatwa tayari. Unamwaga sakafu ya zege, unasimamisha kuta, unafunga kwa bolti na nati, umemaliza. Hakuna kukanda udongo, hakuna kungoja ukauke. Inspekta aliyeletwa kusimamia kazi alikuwa kijana wa Kiingereza aliyekuja na kijitabu chenye picha, hakiachi hata akienda kula, nasi tukamwita Bwana Kitabu. Katika picha ya kwanza kuna sakafu tupu. Ya pili, kuta zimesimama. Ya tatu mama mmoja yuko dirishani anacheka, na chini imeandikwa kwamba hiyo ni siku ya tatu. Mie niliamini. Picha zilikuwa za rangi.

Mahali palipochaguliwa palikuwa Temeke, kwenye mashamba ya mihogo, na ndani ya mashamba hayo mlikuwa na nyumba sita za watu. Ilibidi zivunjwe ndipo sakafu zimwagwe, na wenyewe waliahidiwa kuwa wa kwanza kupewa nyumba mpya. Kiswahili cha Bwana Kitabu kilikuwa cha kuamrisha tu, kwa hiyo nikatumwa mie nikazungumze nao. Watano walikubali haraka, wakaenda kwa ndugu zao Mbagala na kwingineko kungoja. Wa sita alikuwa Bi Mwanaidi.

Bi Mwanaidi alikuwa mjane, Mzaramo, umri wa mama yangu, na asubuhi aliwauzia vitumbua makuli wa Kurasini. Nyumba yake ilikuwa vyumba viwili vya miti na udongo, makuti juu, uwanja umefagiwa hadi unaona haya kuukanyaga. Aliishi na mdogo wake, Bi Tatu, ambaye alikuwa kipofu. Lakini ndani ya nyumba ile usingejua kama ni kipofu. Aliingia jikoni, akateka maji mtungini, akanipa kata mkononi bila kugusa ukuta. Bi Mwanaidi hakuwa na ndugu mwingine wa kumkimbilia. Aliniuliza nyumba mpya itachukua siku ngapi. Nikamwambia tatu.

"Tatu kweli, mwanangu?"

"Tatu, mama. Zikizidi, njoo unidai mie."

Hayo maneno hakuna aliyenituma kuyasema. Nyumba ikavunjwa nusu siku, maana udongo hauna ubishi, nami nikawapa turubai la stoo wajisitiri hizo siku tatu.

Malori yakaanza kuleta masanduku kutoka Kurasini, manne kwa kila nyumba, na nyumba zilikuwa thelathini. Bwana Kitabu wiki hiyo alikuwa amelazwa na malaria. Mie nikatazama mlima ule wa masanduku, nikaona mbao laini za Ulaya zimekaa juu ya mchanga wa Temeke, na tayari mchwa wameanza kupanda kwenye sanduku moja. Nifanye nini? Nikafanya nilivyofundishwa. Nikawaambia wapagazi wafungue yote. Kuta tukazipanga na kuta, madirisha na madirisha, milango na milango, mapaa na mapaa, bolti tukazimimina kwenye madebe kwa urefu wake. Kila kipande kilikuwa kimebandikwa karatasi ndogo yenye herufi na namba. Nikaagiza vitambaa na maji, tukazibandua zote, tukasugua gundi mpaka mbao zikang'aa. Masanduku nayo nikayapanga na masanduku, namba zake zikitazama ndani. Siku mbili tulifanya kazi hiyo. Nilipomaliza nilisimama katikati ya uwanja nikajiambia laiti Mzee Kasembe angeona.

Bwana Kitabu alirudi bado amekonda kwa homa. Akapita kati ya marundo, akarudi, akapita tena. Akaniuliza ukuta huu ni wa nyumba ipi. Nikamwambia ni wa yoyote, bwana, zote ni sawa. Akakaa chini, juu ya sanduku, akavua kofia. Kisha akanieleza polepole, nusu Kiswahili nusu Kiingereza, nami kila alivyoeleza ndivyo nilivyozidi kupotea. Kumbe kiwandani kila nyumba ilisimamishwa kwanza ikiwa nzima, matundu ya bolti yakatobolewa hapohapo palipokutana, halafu ikabomolewa na kutiwa sandukuni. Kuta zote zilikuwa sawa kwa macho. Lakini tundu la hii lilikuwa juu kidogo kuliko la ile, nusu inchi, robo inchi. Ukuta wa nyumba ya saba ulikubaliana na nyumba ya saba peke yake, na kilichokuwa kinasema huu ni wa saba ni ile karatasi niliyoisugua.

Nilimwuliza kwa nini hawakutoboa matundu sawa kwa zote. Akanitazama, akasema hajui. Naye alikuwa amechanganyikiwa kama mie, na hilo lilinitia hofu zaidi kuliko kama angenifokea.

Mkuu wa mafundi wa kufunga alikuwa Fundi Mshamu, Mrufiji, mtu aliyejenga nyumba za miti na udongo tangu ujana wake. Yeye aliona ni jambo dogo, watajaribu mpaka zikubaliane. Wakajaribu. Ukipata ukuta unaokubali sakafu, unakataa jirani yake. Ukipata jirani, dirisha linakataa. Siku moja tulisimamisha pande tatu barabara, bolti zikaingia zote, watu wakapiga makofi, halafu upande wa nne tukautafuta katika marundo yote mpaka adhuhuri ya siku ya pili hatukuuona. Au tuliuona tukaupita, nani ajuaye? Kichwa kilikuwa kinazunguka. Nilikuwa napima tundu, naandika kwenye karatasi, nikigeuka sikumbuki nimepima ukuta upi, na kuta zote zinanitazama kwa uso mmoja. Fundi Mshamu aliniambia kwamba yeye huikata nyumba kuufuata mti alionao, hajawahi kuletewa miti inayojua nyumba yake.

Siku ya nne tangu tuanze kufunga, asubuhi, Bi Mwanaidi akaja. Nikamwamkia, akaniitikia marahaba, akauliza nyumba yake iko wapi.

"Iko hapa, mama. Imeshafika."

"Hapa wapi?"

Nikanyoosha mkono. Kuta zake zimo katika zile pale, madirisha yake yamo katika yale, paa limo upande ule. Alitazama kote nilikoonyesha, rundo baada ya rundo, kwa subira, kama mtu anayeonyeshwa shamba. Kisha akasema, "Basi nioneshe hata ukuta mmoja ulio wangu, niukalie kivulini." Sikuwa nao. Yaani ulikuwapo, tena karibu, labda nilikuwa nimeuegemea, na sikuweza kumwonesha.

Tangu siku hiyo alikuja kila asubuhi akitoka kuuza vitumbua. Hakunitukana. Alisalimia, akauliza, nikajibu hivyohivyo, akaondoka. Ningependa kuwaambia nilikuwa na mpango. Sikuwa nao. Bwana Kitabu alikuwa ameandika barua kiwandani kuomba orodha ya vipimo vya matundu, nyumba kwa nyumba, na barua ilikwenda kwa meli na jibu lingekuja kwa meli. Tulikuwa tunangoja bahari.

Mawingu ya masika yakaanza kujikusanya. Turubai nililowapa lilikuwa la kufunikia saruji, lina matundu yake, nami nilijua nilipolitoa. Mvua ya kwanza ilipopiga, Bi Tatu alitoka kutafuta mahali pakavu. Chini ya turubai hakukuwa na mlango wala ukuta wa kumwongoza mtu asiyeona. Akatembea moja kwa moja mpaka kwenye mtaro tuliouchimba kando ya sakafu ya nyumba namba moja, ndiyo iliyokuwa iwe yao, akaanguka, akavunjika mkono. Aliyemsikia ni Fundi Mshamu. Alimtoa mtaroni, akamfunga mkono kwa fito, halafu akaja ofisini kwangu amelowa chapachapa, akaniambia kesho anaanza kutoboa matundu mapya, ruhusa iwepo isiwepo. Nikamwambia atoboe. Hata Bwana Kitabu sikumwuliza.

Ilichukua siku tisa. Kuta zilichaguliwa zinazokaribiana, matundu yakatobolewa upya, penye nafasi pakapigwa kabari za mninga, na nyufa zikazibwa kwa makumbi ya nazi yaliyochovywa kwenye lami. Bwana Kitabu alipita kila siku na kila siku akatazama upande wa bahari. Nyumba ikasimama. Ilikuwa imeinama kidogo upande wa jikoni, na mvua ikiwa ya upepo ilipenya, lakini ilikuwa nyumba, na Bi Mwanaidi akaingia na mdogo wake na mtungi wake. Bi Tatu alijifunza nyumba hiyo kwa mkono mmoja, ule mzima. Palikuwa na ufa karibu na jiko ambao hatukuweza kuuziba vizuri. Upepo ukimgusa shavuni, alijua hapo ageuke kushoto. Baada ya mwezi nilikwenda kuwaona, Bi Tatu akateka maji mtungini, akanipa kata mkononi bila kugusa ukuta. Mie nilitoka pale nikiwa na furaha ambayo sikuwa nimeipata tangu masanduku yale yafike.

Vijana, mngedhani hadithi imeisha.

Orodha ikaja, masika yamekwisha. Kurasa na kurasa, kila kipande na umbali wa matundu yake. Nikakunjua futi ya Mzee Kasembe, nikapima kipande kimoja kimoja katika marundo yote, nikakiandika chaki. Wiki nne. Polepole nyumba zikaanza kujitokeza: hii yote ya tano, hii yote ya kumi na mbili. Nyumba kumi na nane zikatimia, na wale watano wa kwanza wakapewa zao. Kumi na moja zikapungukiwa, hii ukuta, hii mlango, hii pande mbili za paa. Nikapima tena nikidhani nimekosea. Sikuwa nimekosea. Vyote vilivyopungua vilikuwa vimefungwa pamoja pale kwa Bi Mwanaidi. Na nyumba yake yenyewe, namba moja halisi, ilikuwa kamili katika marundo, vipande vyote, vikavu na vizima.

Familia kumi na moja zilikuwa na karatasi zao za kupewa nyumba mkononi. Walikuja mpaka getini na vitanda vyao kwenye mikokoteni, wengine wakiwa wameshafukuzwa vyumba walivyopanga. Fundi Mshamu alitaka vipande vilivyopungua vichongwe hapahapa kwa mbao zetu. Bwana Kitabu akakataa. Wakubwa kutoka mjini walikuwa wameiona nyumba ile iliyoinama wakacheka, na amri ikatoka kwamba isisimame nyingine ya aina hiyo, na ile iliyopo ivunjwe, kila kipande kirudi kwao. Tena nyumba ya Bi Mwanaidi, akasema Bwana Kitabu, ijengwe mwisho, kwa sababu hao kumi na moja wamengoja na yeye amekwisha kukaa. Nilijaribu kutafuta kosa katika maneno hayo nisilipate. Nilijaribu pia kutafuta haki, nayo sikuipata.

Nikatumwa mie nikazungumze naye.

Nilimkuta uwanjani anapepeta unga. Nilieleza vibaya. Nilianza na orodha, nikaenda kwenye matundu, nikarudi kwenye familia kumi na moja, nikasema nyumba yake halisi imepatikana na ni nzuri kuliko hii, haivuji. Nilisikia sauti yangu na sikuiamini. Bi Mwanaidi aliacha ungo. Bi Tatu alikuwa amesimama mlangoni, mkono wake umepona lakini umepinda, anasikiliza.

"Ya kwanza ulinivunjia kwa maneno," Bi Mwanaidi akasema. "Na hii pia umeijia na maneno?"

Akasimama, akakung'uta unga mikononi.

"Hao watu kumi na moja nimewaona getini. Wana watoto. Siwezi kuwakalia kuta zao. Vunja." Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu. "Lakini nipe ufunguo wa kwako. Nitakaa kwako mpaka yangu isimame. Mke wako na watoto wako wakae unapotaka kunikalisha mimi."

Nilikuwa na kota Chang'ombe, vyumba viwili na jiko, ng'ambo tu ya mashamba. Ufunguo ulikuwa mfukoni. Sijui niliwaza nini. Ninachokumbuka ni kwamba mkono wangu uliutoa, na ulipokwisha kuwa kiganjani mwake ndipo nilipomkumbuka Mama Agnesi.

Mke wangu hakupiga kelele. Aliniuliza mara mbili kama amenisikia vizuri, kwamba nimetoa ufunguo wa nyumba yake, yenye sufuria zake na watoto wake watatu, bila kumwuliza. Nikasema ndiyo. Akaanza kukunja nguo. Aliponipita mlangoni na mwana wetu mdogo mgongoni akasema, "Ungeniuliza ningekubali. Sasa nitakwenda, lakini usinitafutie maneno." Ndani ya siku moja wanawake wawili walikuwa wamenikataza maneno, na mie sikuwa na kingine.

Tulihamia bohari. Ni marufuku mtu kulala bohari, mnajua, nami ndiye niliyekuwa nimeubandika ukutani ule ubao wa marufuku. Bwana Kitabu aliona sufuria juu ya rafu ya spana akaniuliza ni nini. Nikamwambia ni vifaa vilivyokosa ndugu. Akaandika kitu kwenye daftari, sikuulizwa tena. Watoto walifurahi mno, walilala kati ya milango.

Tuliivunja ile nyumba nati kwa nati, mie mwenyewe na spana, Fundi Mshamu upande wa pili. Halafu tukazijenga zile kumi na moja. Wiki saba. Kila familia iliyoingia ilinishika mkono na kunishukuru, na kila shukrani ilinizidishia mchanganyiko, maana nilikuwa nashukuriwa kwa kuta nilizomtolea mtu mwingine. Jioni nilipita kota kwangu kumsalimu Bi Mwanaidi na mdogo wake. Nilibisha hodi mlangoni kwangu mwenyewe. Bi Tatu alikuwa anajifunza nyumba ya tatu, viganja ukutani, akijigonga kwenye meza yetu. Bi Mwanaidi alinikaribisha kiti changu, akaniuliza wamebaki wangapi. Nikamwambia wanane. Wiki nyingine, watano. Hakuniuliza lingine, wala hakunipa habari yoyote. Mama Agnesi alikuwa akipita mchana kuchukua nguo, na nilisikia walikuwa wakikaa jikoni saa nzima wakizungumza. Walizungumza nini, hajawahi kuniambia.

Zamu ya namba moja ikafika. Niliomba nisimamie mwenyewe. Siku ya kwanza tukafagia sakafu na kuweka kuta. Kila bolti iliingia bila kupigwa, kwa vidole tu, na Fundi Mshamu aliacha kazi akatazama tundu lile kama haamini. Siku ya pili madirisha na mlango. Siku ya tatu paa. Siku tatu, kama kitabu kilivyosema. Hapo nilikaa chini nikaona nataka kulia, na kwa nini, sikujua.

Nikaenda Chang'ombe kuwaita. Walikuja na mtungi, ungo, kitanda na mikeka. Kota yangu waliiacha imefagiwa mpaka uwanja, na Bi Mwanaidi aliifunga kwa ufunguo mbele yangu, akautia kwenye pindo la kanga. Tulipofika namba moja nilifungua mlango, nikampa ufunguo wake mpya. Bi Tatu akaingia kwanza. Akaweka viganja ukutani, akatembea, akafika pembe ya jiko, akasimama. Aligeuza shavu huku na huku. Hapakuwa na ufa tena, na upepo haukupita. "Dada," akasema, "hapa ni wapi?" Bi Mwanaidi akamshika bega, akamgeuza kushoto.

Nilikuwa bado nje kizingitini, nataka kumwonesha dirisha linavyofunguliwa, kitasa kinavyozungushwa, nilikuwa nimejiandalia hotuba nzima. Bi Mwanaidi akaushika mlango, akaufunga. Nikasikia ufunguo ukizunguka kwa ndani mara mbili. Nikabaki nimesimama uwanjani. Mke wangu alikuwa barabarani na watoto na sufuria, wananingoja, na ufunguo wa kota ulikuwa bado pindoni mwa Bi Mwanaidi. Ndani nilisikia kitanda kikivutwa, mtungi ukitulizwa chini, Bi Mwanaidi akihesabu hatua kwa sauti ili mdogo wake azifuate. Walihesabu kutoka mlangoni mpaka jikoni, wakarudi, wakaanza tena. Nilingoja mpaka jua likashuka nyuma ya mapaa.

Ndipo dirisha la jikoni likafunguliwa kidogo, mkono ukatoka na ufunguo wa kota yangu.

"Haya, baba," akasema. "Nawe nenda kwako."

Niliupokea. Dirisha likafungwa, na ndani wakaanza kuhesabu upya. Mama Agnesi aliniuliza amesemaje. Nikamwambia. Akauliza amesema kwa sauti gani, nami mpaka leo sijui kama ilikuwa ya kunisamehe au ya kunifukuza.